Joho la Bwana Harusi

Mimi si mtu wa mashetani. Nnalisema hili mwanzo ili tusije tukazozana huko mbele. Nimezaliwa ghorofani, juu ya hili duka letu la kushona la Mchangani, nyumba kongwe kuliko babu yangu, na miaka yote sijasikia humu hata kikohozi cha jini. Wanaoniambia kwamba majumba ya Mji Mkongwe yana wenyewe huwajibu kuwa mwenyewe ni mimi, Shaista binti Sultanali, maana anayefagia ngazi ni mimi. Basi haya nisimuliayo sikuyaota wala sikuhadithiwa. Nimeyapima kwa futi yangu ya kushonea.

Kundi la Wageni Wanne lilianza kwa balaa. Ilikuwa harusi ya mpwa wangu Naznin, ukumbi umejaa, biriani imeshaanza kupoa, na mpiga muziki tuliyemwita hakutokea. Simu kazima. Nikarudi dukani kwangu mbio, na huko walikuwapo vijana wanne, marafiki, waliokuja kuchukua suruali zao, na wao kila wakija hufungulia redio yangu wakaimba disko za zamani hadi majirani wakalalamika. Nikawaambia, haya, leo mkaimbe huko. Wakaniangalia kama nimewatukana.

"Bi Shaista, unataka tuuliwe?" alisema Wakil. "Mie mwalimu. Nnasomesha hesabu Makunduchi. Mzee mmoja tu akiniona nnakata viuno, Jumatatu sina pa kuuweka uso wangu."

"Basi usiuweke popote," nikamwambia. "Njoo huku."

Kabatini nilikuwa na nguo za mchezo wa kuigiza wa skuli fulani, hawakuja kuzichukua. Nikawavisha. Pandu alikuwa baharia wa boti za Dar, akaapa havai nguo ya bahari hata kwa mzaha, basi akawa Rubani. Almas wa benki, ambaye kwenye boti hutapika kabla kamba hazijafunguliwa, ndiye akawa Baharia. Nabeel mwenye duka la dawa akavaa kilemba cha Sultani. Na Wakil, mrefu, mwembamba, nikamtia joho jeupe na kilemba cha dhahabu, akawa Bwana Harusi. Kisha nikakata kitambaa cha dhahabu nikawashonea barakoa, kutoka kwenye paji la uso hadi ncha ya pua, kama zile walizovaa mabibi zamani. Nusu saa tu, kazi imekwisha. Usiku ule wageni wa Naznin walicheza mpaka bibi mmoja akapoteza meno yake ya bandia, na hayajaonekana hadi leo.

Tangu siku hiyo hatukupumzika. Harusi za mjini, hoteli za Paje na Nungwi, Sikukuu pale Mnazi Mmoja, mpaka Dar tulikwenda, na Almas alitapika kama kawaida yake. Nikawashonea mavazi mapya, ya haki, yenye vimetameta nilivyovitia kimoja kimoja kwa mkono. Watoto mitaani wakawa wanawaigiza. Wasichana walikuwa wanamwachia Bwana Harusi vikuba, vishada vya asumini vya kifuani, mlangoni kwangu, na mimi ndiye nilikuwa nikivivaa, maana nani angewaambia wavipeleke kwa nani? Sheria yetu ilikuwa moja: unaingia umevaa, unatoka umevaa. Barakoa haivuliwi mbele ya mtu, awe nani. Kisiwa hiki kidogo, jamani. Ukipiga chafya Mkokotoni, Makunduchi wanakuombea dua.

Wakil alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinipandisha hasira. Kila alipotaka kufanya jambo la kumtia hofu, hasa ile mizunguko yake mitatu ya mwisho, mkono wa kulia ulikwenda sikioni. Akilisugua kwa kidole, mara mbili, kisha anaruka. Akifanya hivyo barakoa inakwenda upande. Nimemfokea, nimemfinya, nimemtishia. Mwisho nikashona mfuko kwenye joho, upande wa kulia, ili mkono ule mkorofi upate pa kukaa. Ikawa dawa. Tangu hapo hakuligusa tena sikio mbele za watu, na hakuna picha wala video hata moja ya Wageni Wanne utakayomwona akifanya hivyo. Likumbukeni hili.

Wakil alikufa asubuhi, njia ya Tunguu, akiwahi vipindi kwa vespa yake. Lori. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Alioshwa mjini, akakafiniwa, akapelekwa kwao, na kabla ya Alasiri alikwishazikwa. Mimi nilikwenda Makunduchi nikakaa ndani na wanawake, na pale ndipo nilipomwona mama yake kwa mara ya kwanza, Bi Wanu, mwanamke mwembamba ambaye mikono yake imekwajuka kwa maji ya chumvi ya mashamba ya mwani. Alitaka afunuliwe uso wa mwanawe. Wanaume wakamkatalia, wakasema hivi alivyo ni bora, mama, muache hivyo. Jeneza likainuliwa. Bi Wanu akabaki anasema, "Sijamwona. Mie sijamwona." Tulimshika mabega na kumwambia asubiri, amshukuru Mungu, maneno ambayo sote huyasema.

Nyote mtauliza kwa nini hatukutangaza kwamba Bwana Harusi amefariki. Tungetangazaje? Kisiwa kizima kingeuliza ni nani, na jibu lingefika Makunduchi kabla ya matanga kwisha, kwamba mwalimu Wakil alikuwa akicheza disko hotelini na joho la vimetameta. Mtu hawezi kujitetea yumo kaburini. Tukakata shauri, mimi na wale watatu, kwamba Bwana Harusi ataendelea kuwepo. Nguo zipo, barakoa ipo, na uso wake hakuna aliyewahi kuujua.

Tukamchukua Mabrouk. Huyu ndiye aliyekuwa akituendeshea gari na kufunga spika, na kila hatua aliijua kwa kutazama. Baba yake ni Sheikh Abrahman, imamu wa Kikwajuni, mtu mkali ambaye hata mwenye simu yenye mlio wa muziki humtoa msikitini. Kwa hivyo Mabrouk aliihitaji ile barakoa kuliko wote. Nilipomwambia avae joho la Wakil alilishika, akalirudisha kabatini, akalishika tena. Nilidhani anamwogopa baba yake.

Sasa sikilizeni. Mabrouk ni mfupi. Nilimsimamisha juu ya meza, joho likaburura, nikalipandisha pindo vidole vinne vizima likakaa sawa juu ya kifundo cha mguu. Kazi yangu hiyo, miaka arubaini na zaidi, sikosei. Sikukuu ikafika, akavaa, akapanda jukwaani pale Mnazi Mmoja. Muziki ulipoanza nikaona pindo linaning'inia katikati ya miundi, kama nguo aliyovaa mtu aliyerefuka ghafla. Nikasema macho yangu yamechoka. Aliposhuka akasimama mbele yangu, joho liko juu ya kifundo, pale pale nilipolitia sindano. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, Paje, mchana kweupe. Nikachukua futi nikalipima joho likiwa kabatini, urefu haukubadilika hata chembe. Nguo haikuwa na kosa. Aliyekuwa akirefuka ni aliyemo ndani.

Na asubuhi nyingine nikifungua kabati nalikuta joho limeroa kwapani, jasho bichi, na harufu ya halud, manukato ambayo Wakil alipenda kujipaka hadi tukawa tunamkimbia kwenye gari. Mabrouk hajipaki halud. Niliogopa, nawaambieni ukweli. Nilianza kulala na taa wazi, mimi Shaista, na ngazi zangu nikawa nazifagia huku nasoma Ayatul Kursiyyu.

Kisha nikaletewa ile video ya Paje. Mtalii mmoja kaipiga, ikazagaa. Bwana Harusi anasogea mbele kwa mizunguko mitatu ya mwisho, anasita, anatoa mkono mfukoni. Anasugua sikio la kulia. Mara mbili. Anaruka.

Nilimwuliza Mabrouk nani kamfundisha vile. Akanikazia macho. "Vile vipi?" Nikamwonyesha. Akaitazama video, akaitazama tena, uso ukamparama. "Wallahi Bi Shaista, sikumbuki kufanya hivi," akasema. "Mie nikishavaa lile joho, ile ngoma ya mwisho siikumbuki kabisa."

Haukupita muda, siku moja asubuhi, nikasikia hodi dukani. Bi Wanu. Kavaa kanga mpya, kashika simu kwa mikono miwili kama aliyebeba sahani ya mchuzi.

"Shikamoo, Bi Wanu," nikasema, nikiweka mkasi chini.

"Marahaba. Wewe ndiye Mhindi mwenye Wageni Wanne?"

"Wahindi tupo wengi hapa Mchangani, bibi. Hao Wageni mie sijui."

"Usinidanganye, nshauliza mtaa mzima. Nimekuja kumchukua Wakil wangu."

Nikamkalisha. Nikamletea maji, hakuyagusa. Akanifungulia simu, ya mjukuu wake Salhiya, na video ni ile ile. Akaisogeza kwa kidole mpaka pale mkono unapokwenda sikioni, akaniwekea mbele ya macho.

"Sikio hili mie nimelitia mafuta ya nazi tangu ana meno mawili mdomoni," akasema. "Lilikuwa likimuuma, maskini, likimtoka usaha. Hata lilipopona, akiogopa tu, mkono huo. Siku ya mtihani, mkono. Siku ya jando lake, mkono. Usiniambie huyu si mwanangu. Mie sikufunuliwa uso. Nimeletewa mtu kafungwa nguo nyeupe, nikaambiwa lia, nikalia. Nani anajua nimemlilia nani?"

"Bi Wanu..."

"Hitma ya kumrehemu sijaruhusu isomwe. Ndugu zake wamenuna, wameniita kafiri, na waseme. Kila magharibi nnamwekea chakula chake. Kama aliona haya kwa hii disko yenu, mwambie nimemsamehe. Avae hata sketi. Arudi nyumbani tu!" Hapo akahamia kwenye Kimakunduchi, kwa hasira na kwa kulia, na nusu sikuielewa, na nusu niliyoielewa ilinitosha.

Nikamwambia kweli. Nikamwambia kwamba Wakil kafa, kwamba sisi tulikuwapo mazikoni, kwamba aliyemo kwenye video ni mtu mwingine kavaa nguo zake. Akatikisa kichwa kwa upole, kama ninavyotikisa mimi mteja anaponiambia kitambaa chake hakirudi kikifuliwa.

"Basi nionyeshe uso wake," akasema. "Nimenyimwa mara moja. Usininyime mara ya pili."

Nifanye nini? Nikimfunua Mabrouk mbele ya mtu wa Makunduchi, habari itafika Kikwajuni, na Sheikh Abrahman atamtoa nyumbani bila viatu. Nisipomfunua, mama huyu ataweka sahani kila magharibi mpaka naye afe, na mwanawe asisomewe hata Fatiha na mzazi wake. Nikampigia simu Mabrouk nikamweleza yote. Nikamwambia, uamuzi wako, mwanangu, mimi sikulazimishi. Akasema, "Nnakuja. Nitolee joho."

Alikuja baada ya Adhuhuri, akavaa chumba cha nyuma. Nilimpandisha Bi Wanu ghorofani, kwenye sebule tunapofanyia mazoezi, nikafungua madirisha yote jua liingie. Nilidhani Mabrouk atavua barakoa tu, yaishe. Lakini Bi Wanu akasema, "Kwanza acheze. Mie sijamwona mwanangu akicheza hata siku moja."

Nikawasha muziki. Na hapo, kweupe, dhiraa mbili kutoka macho yangu, nikaona pindo linapanda. Likaacha vifundo, likafika katikati ya miundi. Sebule ikajaa halud. Alicheza Wakil, nasema wazi, aninunie atakaye: mabega yale, shingo ile. Akafika mwisho, akasita, akatoa mkono mfukoni, akausogeza sikioni.

"Ndiye!" alipiga ukelele Bi Wanu. "Mwanangu! Ndiye huyu!" Akasimama mikono mbele. Muziki nikauzima. Kijana akavua kilemba, akavua na barakoa.

Sijapata kuona mtu akitazama uso namna ile. Alimtazama paji, macho, kidevu, kama aliyeangusha kitu ndani yake akawa anakitafuta. Mabrouk alisimama palepale, mfupi, jasho linamchuruzika, pindo liko juu ya vifundo.

"Wewe nani?" akauliza Bi Wanu, sauti ndogo.

"Mimi Mabrouk, mama. Mtoto wa Sheikh Abrahman wa Kikwajuni." Akalitaja na jina la baba, ambalo hakuna aliyemwuliza.

Bi Wanu akakaa chini sakafuni, si kitini. Nikamwendea, akanizuia kwa kiganja. Mabrouk naye akapiga magoti mbele yake, na joho lake likatanda, na vile vimetameta vikatupa madoadoa ya mwanga ukutani.

"Mama," akasema, "mie nilimwosha."

Nikashtuka mimi kabla yake. Miezi yote hii hakunambia!

"Baba huitwa kuosha maiti, na mie humsaidia. Siku ile tuliitwa hospitali, hatujui ni nani. Nikaingia, nikamkuta Wakil. Baba hakujua kama ni rafiki yangu, nikaosha naye mpaka mwisho. Mwosha hasemi alichokiona, ndivyo nilivyofundishwa, ndiyo maana nimenyamaza. Lakini lililo jema kulisema ni ruhusa." Akamsogelea kwa magoti. "Uso wake ulikuwa mzima, mama. Ulikuwa uso wake. Walikukataza kwa sababu nyingine, na hayo siyasemi. Na sikio lake la kulia nililiosha mie mwenyewe, taratibu, kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu alishanihadithia kuwa utotoni lilikuwa likimuuma."

Bi Wanu alilia. Si kilio cha siku ile ya mazishi. Hiki kilitoka chini, kikatoka muda mrefu, mpaka mwadhini wa Alasiri akaadhini nacho hakijesha. Mimi nililia kwa upande wangu, na sioni haya.

Alipotulia akashika ukingo wa joho kwa vidole vyake vilivyokwajuka.

"Nguo zake nilitoa zote," akasema. "Walinilazimisha, nikatoa mpaka viatu. Hii ilikuwa wapi?"

"Kabatini kwangu," nikajibu. "Hakuna aliyeijua."

"Ikawa inamngoja mwenyewe. Naye akawa anaijia." Alisema vile kama mtu anayesema mvua inakuja. "Kwetu nguo ya maiti ni ya aliyemwosha, ndiyo haki yake. Mmemvisha kijana nguo ya mtu bila kupewa! Vua, mwanangu."

Mabrouk akalivua. Bi Wanu akalikunja mapajani, akaingiza pua ndani yake, akakaa hivyo. Niliona vidole vyake vinavyolishika, nikajua vinataka kulipeleka Makunduchi, vilitie chini ya mto, na asingekuwapo wa kumkataza. Harusi ya mwanawe hakuiona. Joho la harusi lilikuwa hili hili tu.

"Chukua," akasema mwisho. "Nimekupa mimi mama yake. Umelipata kwa haki, na radhi zangu juu yake." Akainuka, akamvisha mwenyewe mkono mmoja mmoja, akamfunga vifungo, akamsawazisha ukosi kama anayemtoa bwana harusi nje. "Haya. Cheza tena, nikuone."

Nikawasha muziki. Mabrouk akacheza, na macho yangu mimi yalikuwa chini, kwenye pindo. Juu ya kifundo, pale pale nilipolishona. Halikusogea. Alikuwa kijana mfupi anayecheza vizuri, basi, na mzunguko wa pili alikosea mguu.

Bi Wanu hakutazama pindo. Alikuwa akitazama mkono wa kulia. Ulipofika ule mwisho, kijana aliposita kabla ya kuruka, mama yule aliinama mbele, midomo wazi, akaungoja. Mkono ulikaa mfukoni. Akaruka, akazunguka mara tatu, akatua.

Muziki ukaisha. Bi Wanu akainua mkono wake mwenyewe, akasugua sikio lake la kulia, mara mbili.

"Hitma Ijumaa," akasema huku akijifunga kanga. "Njooni Wageni nyote. Na mje na nyuso zenu."